Picha Iliyopauka

Nilisoma hadi darasa la kumi ili nije kukaa gizani. Hivyo ndivyo dada yangu alivyopenda kuwaambia wageni, na wageni walipocheka nami nilicheka, maana sikuwa na la kujitetea. Wenzangu niliomaliza nao sekondari Tanga walitawanyika. Mmoja alikuwa karani wa boma Dodoma, mwingine posta ya Tabora, mwingine alikwenda mbali kiasi kwamba salamu zake zilitufikia zikiwa zimezeeka. Mimi nilipata kazi ya ukarani wa reli Morogoro, nikarudi kabla nguo zangu hazijachafuka. Nilisema nimeugua. Na kweli niliugua, ila ugonjwa wenyewe ulipona treni ilipoingia Korogwe.

Basi mume wa dada akanichukua kwenye studio yake. Studio ni neno kubwa. Kilikuwa chumba cha mabati karibu na stesheni, chenye pazia lililochorwa ngazi za jumba na maua yasiyoota popote duniani, na nyuma yake kijichumba kisicho na dirisha. Kijichumba ndicho kilikuwa changu. Umeme ulikuwa haujatufikia, kwa hiyo picha tulizikuza kwa jua. Ukutani palikuwa na tundu, na nje ya tundu kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa ili kilipokee jua na kulitupa ndani. Mwanga ukapita kwenye filamu, ukapita kwenye lenzi, ukaangukia karatasi. Siku ya mawingu tulikaa tukitazamana. Siku ya jua nilijifungia humo tangu asubuhi, nikitoka nimekunja uso kama popo, na wauza mihogo wa stesheni wakiniuliza habari za kaburini.

Karatasi tulikuwa nazo za aina mbili, au niseme moja na nusu. Ya kwanza ni ya kung'aa. Picha ikitoka majini unaibandika kifudifudi juu ya kioo safi, unaisukuma kwa mpira maji yatoke, unaianika. Ikikauka inajibandua yenyewe kwa mlio kama wa ganda la karanga, na uso wake unakuwa kioo. Hiyo ndiyo watu waliyoitaka. Ya pili haikung'aa hata ungeifanyaje. Uso wake ulikwaruza kidogo, kama kitambaa cha marekani ambacho hakijafuliwa, na nyeusi yake ilielekea kwenye jivu kuliko kwenye masizi. Kisanduku cha aina hiyo kilitufikia kwa makosa ya muuzaji. Tuliijaribu kwa wateja wachache, na kila mmoja aliitazama picha yake kwa namna moja, kisha akajitazama mkono.

"Mbona nimepauka?"

Na kwetu mtu hatoki nje amepauka. Mtoto akionekana njiani na magoti meupe, watu hawamwulizi yeye kitu, wanauliza mama yake ni nani. Wateja wetu walijipaka mafuta ya mbarika kabla hawajakaa kitini, hata kiti kikapata alama ya kila mgongo. Sasa mtu amejipaka, amelipa, halafu unamkabidhi sura yake kama aliyelala kwenye majivu. Shemeji akaiita karatasi ya vumbi. Kisanduku kikasukumwa chini ya meza yangu, nikawa ninawekea miguu.

Asubuhi moja ya kiangazi aliingia mzee mmoja Mnyamwezi tuliyemzoea. Alikuja huku na manamba wengine kukata mkonge kabla mimi sijazaliwa, mkataba ukaisha, yeye akabaki, na siku hizo alikuwa mlinzi wa korona, ile mashine ya kukamulia mkonge, katika shamba moja njia ya Mkumbara. Sisi ni Wazigua, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za babu waliobeba mizigo kwenda pwani. Kwa hiyo hakuwa na njia ya kupita mbele ya studio bila kuingia kunitukana. Aliniita mtumwa wake. Aliniita mke wa shemeji. Aliwahi kuniuliza mbele ya wateja kama nimekwishapata mayai ya kutamia au bado nalalia kiota kitupu. Mimi nilimjibu kwa adabu ya sekondari, yaani sikumjibu.

Siku hiyo aliingia bila tusi. Hapo nikajua kuna msiba.

Nyuma yake alikuwa mama mmoja aliyevaa kaniki, ameshika kifurushi kwa mikono yote miwili. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu kwa sauti ya mtu anayejibu kutoka chumba kingine. Alitoka Kang'ata, upande wa Handeni. Habari zake alizieleza mzee, naye akitikisa kichwa kila palipohitajika, kama shahidi.

Mwanawe alikuja mkongeni mwaka ule mahindi yalipoungua Handeni. Hakuwa na kipande, ile kadi ya kazi yenye jina, akapewa cha mtu aliyetoroka, na jina la mtu huyo akalivaa pamoja nacho. Vijana wengi walifanya hivyo wala hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ilikuja baadaye. Toroli la mkonge lilipinduka penye kona ya reli, likamfunika. Wakamzika siku ileile, kama inavyotakiwa na dini na kama joto lilivyotaka. Habari ikasafiri kwa midomo hadi Kang'ata, ikafika imechelewa, tena imebeba jina lisilo la mtoto wao.

Mama akaikataa. Alikuja Korogwe akaonyeshwa kaburi, nalo lilikuwa udongo kama udongo mwingine. Akapewa shati, akasema mashati ya namna hiyo yanauzwa kila duka. Akaambiwa alikuwa mrefu mwenye mwanya, akasema Handeni nzima ina warefu wenye mwanya. Nyumbani alikuwa amekataza khitma isisomwe mpaka aone kwa macho yake. Mkwewe, mke wa yule kijana, alikuwa hajui akae eda au aendelee kumpikia mtu atakayerudi. Kwa kukosa la kufanya, alipika.

Sasa mzee alikuwa amekumbuka picha. Idd iliyopita shemeji alikwenda shambani kwa baiskeli, akawapanga watu mbele ya korona, mstari wa mbele wamechuchumaa, wa nyuma wamesimama. Filamu tulikuwa nayo bado, kwenye kopo la biskuti. Nikatoa picha ndogo iliyokuwa imebaki, mzee akaweka ukucha juu ya mtu mmoja mstari wa nyuma.

"Huyu."

Mama aliinama. Sura yenyewe ilikuwa ndogo kama kunde, tena kunde iliyotikisika, maana wakati shemeji anabonyeza, mtu huyo alikuwa amegeuka kidogo. Kunde ilikuwa na meno. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu cha kuapia.

"Mkuze," mama aliniambia, "nimwone."

Shemeji aliagiza itumike karatasi ya kung'aa. Kwake msiba si sababu ya kumpa mtu kitu kisichoiva. Nikaingia kaburini mwangu, nikapandisha lenzi juu kadiri ilivyokwenda mpaka kile kichwa kimoja kikajaa karatasi, na jua la asubuhi lilikuwa zuri. Nilisafisha, nikasuuza, nikabandika kwenye kioo, nikaanika. Karatasi ililia, ikaanguka, ikang'aa kama kisima. Kama kazi, haikuwa na kosa.

Kama picha ya mtu, ilikuwa balaa. Kunde ukiikuza hivyo haiwi uso, inakuwa chenga. Na karatasi ya kung'aa haina huruma, kila chenga huitoa mbele na kuisimamisha peke yake. Mama aliipeleka mlangoni penye mwanga. Akaiinamisha huku, akaiinamisha kule.

"Nauona mlango," alisema. Kisha, "Namwona mama mwenye kaniki." Akaisogeza mbali, akaileta karibu na pua, akakaa nayo kitambo. Halafu nikaona mabega yake yanashuka kama ya mtu aliyetuliwa mtungi.

"Si yeye. Huyu ni mchele uliomwagwa."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya zile ngazi za jumba, akaomba maji. Akanywa. Shemeji akamwagizia muhogo wa kuchoma kutoka stesheni, akala. Akaanza kusimulia jinsi mwanawe atakavyomcheka siku akirudi na kukuta mama alifunga safari kwenda kumtafuta kaburini, na akacheka mwenyewe kidogo, amefunika mdomo kwa upindo wa kaniki. Sijawahi kuona picha mbaya ikimfurahisha mteja kiasi kile.

Mzee hakucheka. Alinifuata nyuma, akasimama kwenye mlango wa kijichumba changu, mahali ambapo siku zote aliniulizia mayai.

"Mtumwa wangu."

"Naam, mzee."

"Yule kijana nilimwosha mimi. Kaburini nilishuka mimi, maana mimi ndiye mtani, nani mwingine angeshuka. Mama akiondoka hivi, ataacha mlango wazi mpaka afe."

Hakujua alichokisema. Sikuwahi kumweleza mtu habari ya mlango wa kwetu.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alichukuliwa na jeshi akapelekwa Burma. Vita vikaisha, wenzake wakarudi na makoti yao, yeye hakurudi, na hakuna aliyekuja kutuambia chochote tukakiamini. Bibi akakataza mlango usitiwe komeo. Usiku ulirudishwa tu, ili mtu akifika asigonge mara mbili. Fisi walipita uani, wezi walipita, bibi akasema wote hao si sababu. Ilibidi mtu alale karibu na mlango, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nililala hapo tangu utotoni, sikio moja macho. Bibi akafa akiwa ameelekea mlangoni, na hata baada yake hakuna aliyethubutu kuweka komeo. Dada husema mimi ni mtu wa nyumbani kwa sababu ya uvivu. Sibishi. Lakini mtu aliyefundishwa kungoja mlangoni, Morogoro angekwenda kufanya nini?

Nikakivuta kile kisanduku kwa miguu. Shemeji alikiona, akaja akasimama kando ya mzee, wakaziba mlango wote wawili. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mama amekula, amekunywa, amecheka. Akaniuliza mimi ni nani hata nimnyang'anye hayo. Mzee akasema mke wa marehemu yuko Kang'ata anapika. Shemeji akasema apike, kupika hakujaua mtu. Wote wawili wakanitazama, kana kwamba darasa la kumi lilikuwa na somo la mambo hayo. Mimi nikasema jua linahama, nikafunga mlango. Ndiyo busara pekee niliyowahi kuwa nayo, kufunga mlango mtu akiniuliza swali.

Ndani nilikuwa na kibatari kilichofunikwa kioo chekundu na sinia zangu za dawa. Nikaiangushia jua karatasi moja ya vumbi, kisha nikaitia kwenye sinia ya kwanza. Haikuharakisha. Kilichotangulia kutokea ni sikio, na pembeni ya sikio vidole vya mtu mwingine, vimelishika. Kisha nyusi, kisha mwanya. Zile chenga zilizokuwa zimesimama moja moja kwenye karatasi ya kwanza, kwenye hii zilizama katika ukwaruzaji wake kama matone ya kwanza yanavyozama kwenye mchanga, na palipobaki palikuwa na mtu. Alikuwa amegeuka nusu, anacheka, hajatulia. Niliinama juu ya sinia nikijisemea kwamba naangalia kazi.

Karatasi hii haibandikwi kwenye kioo, inalazwa juu ya kitambaa, uso juu, ikauke kwa kupenda kwake. Mama alipoitwa kuiona alisita.

"Si mmesema si yeye?"

"Ni wewe uliyesema, mama," mzee alimjibu.

Akasimama. Akaipeleka palepale mlangoni. Safari hii hakuinamisha huku wala kule, maana mlango haukuonekana ndani yake, wala mama mwenye kaniki hakuonekana. Aliishika kwa mikono miwili na kuitazama muda mrefu, sisi tukitazama kisogo chake. Alipogeuka alikuwa amekasirika.

"Mbona mmempausha?"

Akaketi, akailaza picha mapajani, akafungua kifurushi. Akatoa kichupa cha mafuta ya mbarika kilichozibwa kwa gunzi. Akamimina kiganjani, akasugua mikono yake pamoja mpaka ikapata joto. Kisha akaanza na kipaji cha uso, kwa dole gumba, kwenda juu kwenye nywele. Akashuka mashavuni. Akapita chini ya kidevu. Akarudi nyuma ya sikio, mahali ambapo mtoto akienda chuo cha Kurani na haraka zake hupasahau. Shemeji aliinuka kumzuia, kwa sababu mafuta na picha ni maadui, naye mzee akamshika kifundo cha mkono wala hakumwachia.

Picha ikaanza kuiva chini ya kidole. Ile rangi ya jivu ikanywa mafuta ikawa nyeusi, shavu likainuka, jicho likapata maji. Hakusema kwamba ni yeye. Mtoto wa watu humpaki mafuta.

Kidole kilipofika pembeni kikasimama.

"Hivi vidole ni vya nani?"

"Vyangu, mama," mzee alisema. "Nilikuwa namvuta sikio. Ndiyo maana akageuka. Nilitaka aharibu picha." Akanionyesha mimi kwa kidevu. "Huyu kijana anaweza kuvikata kwa mkasi."

"Viache." Akavipaka mafuta navyo. "Alikuwa anacheka nini?"

"Alikuwa ananitukana."

"Alisemaje?"

Mzee akatazama sakafu. "Alisema nikifa mimi watanitupa kwenye korona, watoke na kamba ya kufungia mbuzi."

Mama akatoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko, ikavunjika katikati, na kilio kikaanza, cha chini, cha mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Hapo kazi ya mtani inajulikana. Ni yeye anayetakiwa kuwakejeli waliofiwa mpaka machozi yaone aibu. Mzee akafungua mdomo. Akasema Wazigua hata kulia hamjui, mnalia kama mbuzi wa, na hakufika mwisho wa sentensi. Akageuka kulitazama pazia la shemeji lenye maua.

Picha yenye mafuta mabichi huwezi kuikunja, huwezi kuifunga, huwezi kuiweka juu ya kitu. Ilikuwa lazima mtu aishike kwa pembe zake njia nzima. Mama alikuwa na kilio chake, mzee alikuwa na kifurushi na mwanamke wa kumshikilia, shemeji alikuwa na studio. Dada, aliyekuja aliposikia kilio, alinitazama mimi. Sikumbuki kukubali. Nakumbuka tu kwamba nilijikuta juu ya lori la Handeni, nimekaa kwenye magunia, nimeshika uso wa mtu mbele yangu kama mtu anayebeba maji kwenye sahani.

Barabara ile wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu tupu. Nilijaribu kumkinga kwa mgongo, kwa shati, kwa kichwa changu mwenyewe. Hata hivyo vumbi lilimpata, na mafuta yakalishika. Tulipofika Kang'ata jua likiwa limeinama, alikuwa mwekundu uso mzima, kama aliyetolewa ardhini. Hatukuhitaji kumweleza mtu. Wanawake waliokuwa uani walimwona mama anateremka, wakaona nilichoshika, wakaanza kulia.

Mkwewe alikuwa jikoni, sufuria iko motoni. Alisimama. Akaja mpaka karibu yangu, akatazama mara moja tu, wala hakugusa. Kisha akarudi, akaushika mtungi, akaumwagia moto maji yote. Moshi ulipopungua alikuwa ameshaingia ndani.

Magharibi ilipoingia watu walikaa kwenye mikeka, khitma ikasomwa hatimaye. Picha iliegemezwa ukutani ndani, na mama alikuwa anampangusa vumbi kwa ncha ya kaniki, anampaka upya, anampangusa. Mbuzi walianza kuingia. Mtu akaniambia mimi niliyekaa karibu, kwa desturi yangu ya kukaa karibu na mlango, nifunge.

Nikaurudisha. Ukafunguka. Nikaurudisha tena, mbuzi akausukuma. Komeo lilikuwepo, gogo zito la mti lililolainishwa na mikono ya watu, nalo nililishika nikaligeuza huku na huku bila kujua linaingia upande gani, kwa kuwa katika maisha yangu yote sikuwahi kuliona likitumika. Watu wakageuka kunitazama. Mzee Mnyamwezi akainuka mkekani, macho yake bado mekundu, akaninyang'anya lile gogo.

"Darasa la kumi," alisema, "na mlango hujui kufunga."

Akalipitisha mahali pake. Nilisikia likikaa.